Mkono wa Mninga: Shajara ya Kutengeneza Mkono Unaojikunja

Juni, shule zikikaribia kufungwa

Mradi umeanza rasmi, maana yake mkuu wa shule ameruhusu na hakuna hela iliyotoka.

Maabara yetu ya baiolojia hapa Mtwara mjini ina mifupa ya plastiki inayoning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Mkono wake umeungwa kwa waya. Ukiushika unakwenda popote unapoupeleka, hata kule ambako mkono wa mtu haufiki bila kuvunjika. Wanafunzi wanakariri: mifupa 8 ya kifundo cha mkono, 5 ya kiganja, 14 ya vidole, jumla 27. Kila kidole pingili 3, dole gumba 2. Mtihani unauliza hivyo na wao wanajibu hivyo. Sasa muulize huyo aliyepata zote: kidole chako kinakunjwa na nini? Atasema misuli. Iko wapi? Atakuonyesha kidole.

Kwenye kidole hakuna msuli wa kukikunja. Ukiacha vile vimisuli vidogo mno vya kusimamisha vinyweleo, kidole ni mifupa, kano, neva, mishipa ya damu, mafuta na ngozi, basi. Misuli mikubwa inayokivuta imekaa kwenye kigasha, yaani kati ya kiwiko na kifundo, na midogo imekaa kiganjani. Hicho ndicho ninachotaka mtoto akione kwa macho, akivute mwenyewe, na akiona kidole cha mbao kinainama ajue nguvu imetoka wapi.

Mimi ni mtunza maabara, si mwalimu, kwa hiyo nina muda ambao walimu hawana. Mpango: mkono wa mbao, ukubwa mara mbili ya wa mtu mzima ili hata wa dawati la mwisho aone, wenye viungo vya kweli na kamba za kuvuta kutokea nyuma. Mbao ni mabaki ya mninga. Kamba ni mshipi wa kuvulia, ule mnene. Ya kunyoosha vidole nimechukua lastiki kwa fundi cherehani. Mchongaji ni mjomba wangu wa Mikindani, ambaye ndiye aliyenilea na ambaye vinyago vyake vimeshakwenda nchi ambazo yeye hajafika.

Nilipomweleza alicheka. "Mpwa wangu, mikono nimechonga mingi sana. Lakini yote imetulia ilipo."

Mikindani, wiki iliyofuata

Mifupa 8 ya kifundo imetusumbua kabla hata tezo haijaguswa. Imepangwa safu mbili, minne minne, kila mmoja una sura yake na kila mmoja unasugua jirani zake. Mjomba alitaka kuichonga yote, kwa sababu ya heshima ya kazi. Mimi nilitaka tumalize mwaka huu.

Tulikubaliana baada ya kutazama mikono yetu wenyewe. Na msomaji ajaribu: kunja ngumi legelege, kisha ikaze kwa nguvu huku ukitazama vifundo vya juu. Cha kidole cha shahada hakitikisiki. Cha kati hivyo hivyo. Cha kidole cha mwisho kinashuka na kuingia kuelekea kiganjani, na cha pete kinakifuata kidogo. Mifupa ya kiganja inayobeba shahada na kidole cha kati imeshikamana na kifundo karibu kama nguzo zilizochimbiwa, na ile miwili ya upande wa mwisho inacheza. Ndiyo maana mpini wa tezo unakaa kwenye mkono ukiwa umelala mshazari, na vidole viwili vya mwisho ndivyo vinavyoufunga.

Kwa hiyo: kifundo ni gogo moja, mifupa ya kiganja ya shahada na ya kati imegandishwa humo kwa gundi na misumari ya mbao, ya pete na ya mwisho ina bawaba. Mfupa mmoja tu wa kifundo tumeutoa nje ya gogo, ule unaobeba dole gumba. Huo mjomba ameuweka pembeni, anasema unataka mti wa aina nyingine.

Bado Juni

Siku ya mwisho kabla ya likizo nilinunua miguu ya kuku sokoni, ile inayouzwa kwa ajili ya supu. Tukaipasua ngozi juu kidogo ya kisigino hadi kano nyeupe zikatokeza, nikamkabidhi mwanafunzi koleo. Akavuta moja: vidole vikafumba. Akaachia, akavuta ya upande wa pili: vikafunguka. Darasa zima likasimama juu ya viti. Kuna waliosema mchezo huu waliucheza jikoni kwa bibi zao wakiwa wadogo, na hawakuwahi kufikiri kwamba ni baiolojia.

Nilichotaka waone hasa ni jinsi kano inavyoteleza. Haijagandana na nyama iliyo kando yake. Inapita ndani ya ala laini yenye majimaji, inakwenda na kurudi bila kukwaruza. Kisha nikawaambia kila mmoja ashike kigasha chake cha kushoto kwa mkono wa kulia, achezeshe vidole vya kushoto kimoja kimoja. Nyama inatambaa chini ya ngozi, mbali kabisa na vidole. Kimya kilikuwa cha dakika nzima, na kwa darasa lile si kawaida.

Julai

Mjomba anachonga na mimi nashikilia, nasugua msasa, natoboa kwa keekee. Viungo viwili vya mbele vya kidole ni rahisi: ni bawaba, vinakunja na kunyoosha tu. Kazi iko kwenye kifundo kinachounganisha kidole na kiganja.

Kifundo hicho kinakunja, kinanyoosha, na pia kinatanua vidole pembeni. Lakini jaribu: nyoosha vidole, vitanue. Vinatanuka vizuri. Sasa kunja vifundo hivyo mpaka pembe mraba, vidole vikiwa vimenyooka mbele, kisha jaribu kuvitanua. Vinagoma. Sababu iko kwenye umbo la kichwa cha mfupa wa kiganja pamoja na kano fupi mbili zinazoshikilia kiungo kushoto na kulia. Kichwa hicho si mviringo kamili: upande wa chini, wa kiganjani, kimejitokeza zaidi na pia ni kipana zaidi. Kidole kikinyooka, kano za pembeni zinalegea na kidole kina uhuru. Kikikunjwa, zinapita juu ya sehemu iliyojitokeza, zinakazwa, kidole kinafungwa palepale. Kwa hiyo mkono ulioshika kitu hauyumbi pembeni, na hakuna msuli unaotumika kwa kazi hiyo.

Madaktari wanalijua hili vizuri. Wakifunga mkono uliovunjika kwa plasta, mara nyingi hukunja vifundo hivyo na kunyoosha viungo vya mbele, ili kano za pembeni zikae zikiwa zimevutika. Zikiachwa legevu kwa wiki nyingi zinajifupisha, na plasta ikitolewa vifundo havikunjiki tena.

Mjomba alisikiliza maelezo yote haya akiwa ametazama ngumi yake. Akachukua kipande, akakizungusha kwenye tupa, akakipima kwa dole gumba, akakirudia. Hakutumia kipimo chochote. Kano za pembeni tumetengeneza kwa vipande vya ngozi ya kiatu. Kidole cha kwanza kilipokamilika kilitanuka kikiwa kimenyooka na kiligoma kikiwa kimekunjwa, na mjomba akaenda kuwaita majirani.

Julai mwishoni: kamba ya kwanza

Kamba imefungwa kwenye pingili ya ncha, imepita upande wa kiganja, imetokea nyuma ya gogo. Nimevuta.

Kidole kilikunjika kidogo tu, na kamba ikajitenga na mfupa, ikasimama hewani kutoka ncha hadi kiganjani, imekaza kabisa. Nimevuta zaidi, kamba ikainuka zaidi. Nguvu ilikuwepo ya kutosha, njia ndiyo haikuwepo.

Kwenye kidole cha mtu kano inabanwa kwenye mfupa na vipete vya nyuzinyuzi ngumu. Vipete vya mviringo ni 5 kwa kila kidole ukiacha dole gumba, na katikati yake kuna vingine vyembamba vilivyopishana msalaba, ambavyo hujikunja kidole kinapokunjwa. Si vyote vina uzito sawa: cha pili, kilicho kwenye pingili ya kwanza, na cha nne, kilicho kwenye pingili ya kati, ndivyo vinavyobeba kazi kubwa. Vikikatika hivyo, kano inainuka kama ilivyoinuka kamba yangu. Wapanda majabali, ambao hubeba uzito wa mwili mzima kwa ncha za vidole, huumia hapo hasa.

Nimekata mirija ya peni zilizoisha wino vipande vifupi, nikavigandisha. Kwanza nimeweka cha pili na cha nne peke yake, makusudi. Kidole kimekunjika karibu chote. Nikaongeza vingine vitatu. Tofauti ni ndogo, ila kidole sasa kinakwenda kwa utulivu.

Kipete cha kwanza, kilicho mbele ya kifundo kwenye kiganja, kina ugonjwa wake. Kano ikivimba mahali hapo inakwama mlangoni: kidole kinakunjika, kisha kinagoma kunyooka, halafu kinaachia ghafla kwa mlio. Jirani yangu fundi viatu anacho kidole cha namna hiyo.

Agosti: kamba ya pili

Vidole vya mtu, ukiacha dole gumba, vina kano mbili za kukunja kila kimoja. Moja ya ndani inakwenda hadi pingili ya ncha. Ya juu inaishia pingili ya kati. Tatizo linaonekana hapohapo: ya ndani inatakiwa ifike mbali zaidi, na ya juu imeiziba. Ufumbuzi wa mwili ni kwamba kano ya juu inapasuka mara mbili, inaacha uwazi, ya ndani inachomoza kupitia uwazi huo na kuendelea mbele, na zile nusu mbili za kano ya juu zinashika pingili ya kati kushoto na kulia.

Andreas Vesalius, bingwa wa kupasua maiti wa karne ya 16, alipochapisha kitabu chake kikubwa cha mwili wa binadamu mwaka 1543, picha yake mwenyewe iliyowekwa humo inamwonyesha akiwa ameshika mkono uliochunwa ngozi, kano za vidole ziko wazi. Angeweza kuchagua moyo au ubongo. Mimi namwelewa.

Mshipi haupasuki, kwa hiyo kamba ya juu tumeifanya kwa ukanda wa ngozi, mjomba akaupasua katikati kwa ncha ya kisu, mshipi ukapita. Ilichukua mchana mzima kwa kidole kimoja. Mkanda ukiwa mnene, mshipi unakwama. Ukiwa mwembamba, unachanika.

Mwanafunzi atauliza, na mmoja ameshauliza: ya nini kano mbili wakati moja inakunja viungo vyote? Nimempa jaribio. Weka mkono mezani, kiganja juu. Mwenzako akubanie vidole vyote vinyooke isipokuwa cha kati, halafu ukikunje hicho. Kinakunjika kwenye kiungo cha katikati, lakini ncha yake inabaki inaning'inia, unaweza kuitikisa kwa kidole kingine. Hiyo ni kano ya juu ikifanya kazi peke yake. Misuli ya kano za ndani za vidole hivi imeungana sana, ukishikilia kidole jirani umeishikilia yote. Misuli ya kano za juu imejitenga vizuri zaidi. Mpiga zeze au gitaa anaihitaji hiyo kila dakika.

Agosti, baadaye: kifundo

Hili halikuwa kwenye mpango. Kamba zote zinapita juu ya bawaba ya kifundo cha mkono kwenda nyuma, na nilipozifunga kwa muda kwenye msumari ili nipumzike, nikainua mkono: kifundo kilipopinda kwenda nyuma, vidole vilifumba vyenyewe. Kifundo kikiangukia mbele, vidole vinafunguka.

Mkono wa mtu unafanya hivyohivyo. Legeza mkono kabisa, uachie kifundo kianguke, kisha kiinue kwa mkono mwingine. Watu waliopooza kwa kuumia uti wa mgongo shingoni, lakini wakabakiwa na uwezo wa kuinua kifundo, hufundishwa kushika kikombe kwa njia hii. Na ndiyo sababu ngumi haina nguvu kifundo kikiwa kimekunjwa mbele: kano za kukunja zinakuwa zimelegea na za kunyoosha zimeshavutika hadi mwisho. Mjomba akishika tezo kifundo chake kimeinuka kidogo kwa nyuma, hajafundishwa na mtu.

Seremala wa Johannesburg, Richard van As, alipoteza vidole kwenye msumeno mwaka 2011. Akashirikiana na Ivan Owen wa Marekani wakatengeneza mkono wa bandia ambao vidole vyake vinafumba mtu akikunja kifundo, kwa kamba tu, bila betri, na michoro wakaiweka wazi kwenye intaneti. Mjomba alipoiona kwenye simu yangu aliitazama kwa muda mrefu kuliko picha zote nilizowahi kumwonyesha, kisha akauliza kama huyo seremala amerudi kazini.

Oktoba

Kazi imesimama. Ni msimu, kila mtu yuko kwenye korosho: kuokota, kuanika, kupeleka ghalani, kusubiri mnada. Mjomba ana mikorosho yake Nanyamba.

Nimemtembelea shangazi anayebangua korosho kwa mikono. Mafuta ya ganda la korosho yanababua ngozi, kwa hiyo anajipaka mafuta na majivu kabla ya kuanza. Nimekaa nikimtazama. Kushoto anaishika korosho kwa ncha za dole gumba, shahada na kidole cha kati, anaigeuza mpaka mshono ukae sawa. Kulia ameufumbata mpini kwa mkono wote. John Napier, Mwingereza aliyechunguza mishiko ya binadamu, aligawa hivyo mwaka 1956: mshiko wa nguvu, ambapo kitu kinabanwa kati ya vidole na kiganja, na mshiko wa makini, ambapo kinakaa kwenye ncha za vidole na dole gumba. Shangazi alikuwa nayo yote miwili kwa wakati mmoja, na mdomoni ana habari za harusi.

Analalamika usiku. Anaamka dole gumba, shahada, kidole cha kati na nusu ya cha pete vimekufa ganzi, anakung'uta mkono mpaka damu irudi, kwa maneno yake. Kidole cha mwisho hakina shida. Mgawanyo huo una maelezo. Mifupa ya kifundo imejipinda ikafanya mfereji, na juu yake pamefunikwa na utepe mgumu. Ndani ya mfereji huo mwembamba wanapita kano 9, yaani mbili mbili za vidole vinne na moja ya dole gumba, pamoja na neva ya kati. Kano zikivimba, mfupa hautanuki, utepe hautanuki, anayebanwa ni neva. Kidole cha mwisho kinahudumiwa na neva nyingine ambayo haipiti humo. Nimemwambia aende hospitali wakamwangalie, na akubali kufungwa kifundo kikiwa kimenyooka wakati wa kulala. Amesema baada ya msimu.

Novemba: mkono unaosukuma

Vidole vinne vimekamilika, kamba mbili mbili, lastiki mgongoni. Nikaweka chupa ya maji kiganjani na kuvuta kamba zote. Mkono ulipaswa kuishika. Badala yake vidole vilianza kujikunja kutoka nchani, vikajiviringisha kwenda kiganjani, kucha zikaigusa chupa na kuisukuma nje. Nimerudia kwa kikombe, kwa embe, kwa gunzi. Kila kitu kinasukumwa.

Mjomba akasema vidole vya mtu vinainama kwanza kwenye kifundo cha kidole, kile kinachokutana na kiganja, vikiwa bado vimenyooka, vinakizunguka kitu, ndipo vinajikunja. Ni kweli, na kamba zangu hazina uwezo huo. Hii ndiyo kazi ya misuli midogo ya kiganjani: 4 myembamba inayoanzia kwenye kano zenyewe za ndani badala ya mfupani, na 7 iliyojificha katikati ya mifupa ya kiganja.

Ujanja wake uko kwenye njia. Kano ya msuli huo inapita mbele ya kifundo, upande wa kiganja, kisha inapanda ubavuni mwa kidole na kuishia mgongoni. Ikivutwa, kwenye kifundo inakunja kwa sababu iko mbele ya mhimili. Kwenye viungo viwili vinavyofuata inanyoosha kwa sababu sasa iko nyuma ya mhimili. Kamba moja, mvuto mmoja, na viungo vinakwenda pande mbili tofauti. Tangu Julai kila tatizo la mradi huu limekuwa la njia na si la nguvu, lakini hili ndilo lililonifanya niweke patasi chini.

Neva inayoongoza sehemu kubwa ya misuli hii ni ile inayokupiga shoti ukigonga kiwiko. Ikiharibika, mkono unabaki kama mfano wangu wa mwezi huu: vifundo vimenyooka kupita kiasi, ncha zimejikunja. Wazee wa huku wanaikumbuka mikono hiyo kwa wagonjwa wa ukoma, maana ukoma hushambulia neva hiyo. Daktari Mwingereza Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore nchini India kuanzia miaka ya 1940, aliifanyia upasuaji kwa kuhamisha kano ya msuli uliobaki mzima na kuipitisha njia hiyohiyo: mbele ya kifundo, ubavuni, mgongoni. Na alisisitiza kwamba vidole vya wagonjwa havidondoki kwa ukoma wenyewe, ila kwa majeraha na kuungua ambako hawakusikia maumivu yake.

Nimefanya alichofanya Brand, kwa mshipi. Tundu ubavuni mwa pingili ya kwanza, fundo mgongoni mwa ya kati. Nikavuta kamba ya ubavuni kwanza, kisha zile za kukunja. Chupa imeshikwa. Mjomba akaitoa, akairudisha, akaitoa tena, na safari hii hakumwita mtu.

Januari: dole gumba

Mfupa aliouweka pembeni mjomba ameuchonga kwa mpingo. Anasema mninga utalika pale, na ana haki: kiungo cha chini cha dole gumba kinasuguliwa kwa kila tendo, na kwa watu wazima wengi, hasa wanawake, ndicho kinachoanza kuuma uzee ukikaribia. Ni nyuso mbili zenye umbo la tandiko, moja imempanda mwenzake kwa kukingama, kila uso una mbonyeo upande mmoja na mwinuko upande mwingine. Kwa hiyo dole gumba linakwenda mbele na nyuma, linakwenda ndani na nje, na kwa kuchanganya mienendo hiyo linajizungusha mpaka pedi yake inatazamana na pedi za vidole vingine.

Mpingo unazama majini na unalegeza makali ya tupa. Ameuchonga kwa siku nyingi, akiupaka masizi upande mmoja na kuubandika upande mwingine ili aone panapogusana, kisha anakwangua panapokolea. Nimemwona fundi meno akifanya hivyohivyo kwa karatasi.

Kamba za dole gumba bado si zote. Nimeweka ya kukunja, ya kunyoosha, na moja ya kulivuta juu ya kiganja, ambayo ndiyo kazi ya nyama ile iliyotuna chini ya dole gumba. Miongozo ya Marekani ya kupima ulemavu inalihesabu dole gumba asilimia 40 ya mkono mzima. Shahada na cha kati 20 kila kimoja, pete na cha mwisho 10 kila kimoja. Kwa muda uliolika, mjomba angelipatia zaidi ya hizo 40.

Februari, darasani

Kidato cha nne wameuona. Nimewaacha wavute wenyewe, wawili wawili, mmoja kamba za kigasha na mmoja za kiganjani. Waligundua haraka kwamba wasipopatana mkono unafanya vituko.

Mmoja akaleta ubishi: akakunja kidole cha kati mezani, vingine vimelala, akainua kimoja kimoja. Cha pete kiligoma, akasema mkono wa mninga unaweza na wake hauwezi. Sawa kabisa. Mgongoni mwa kiganja kano za kunyoosha zimeunganishwa na vitepe vya kukingama, cha kati kikizuiwa kinakizuia cha pete. Hivyo vitepe sijaviweka, na sitaviweka.

Kijana wa Msangamkuu, ambako watu wanazamia pweza, akauliza kwa nini vidole vinakunjamana vikikaa majini. Wengi wakasema ngozi inafyonza maji. Ni neva: zinaamuru mishipa ya damu ya ncha ya kidole ijibane, nyama inapungua ujazo, ngozi inaingia ndani. Kidole kilichokatika neva hakikunjamani, na madaktari wameshautumia ukweli huo kupima neva za watoto wadogo ambao hawawezi kueleza.

Hapo ndipo mkono wetu unapoishia. Hausikii. Tulipoupa yai, aliyekuwa anavuta kamba alilipasua, na asingeweza kujua mpaka alipoona ute unachuruzika. Mtu akishika yai, vipokezi vya ngozi ya vidole vinahisi mgandamizo na dalili ya kuteleza, na misuli inarekebishwa kabla mwenyewe hajafikiri. Mshipi unapeleka mvuto kwenda mbele tu.

Mwalimu wa fizikia ameuomba kwa somo la nyenzo. Nimemwambia asubiri hadi wiki ijayo: kamba ya shahada imeanza kuchanika pale inapoingia kipete cha kwanza, ukingo wa mrija ni mkali, lazima niuyeyushe kidogo kwa moto ulainike. Na yai safari ijayo alete yeye.